Kihisi cha amonia: ukungu wa Uyole umesalimu amri

Hatimaye! Jana usiku ukungu ulishuka kwenye banda la kuku la shangazi, hapa Uyole, Mbeya, na kihisi changu cha amonia, ile gesi kali ya kinyesi cha kuku, hakikutikisika. Nikakisogezea pamba yenye amonia, ukinzani wake wa umeme, ndio namba ninayoisoma, ukaanguka palepale. Nimelala kwa raha.

Utando wa oksaidi ya zinki, ndio unaonusa, haukuwahi kunisumbua. Nimeupaka kwenye kigae, mistari ya rangi yenye madini ya fedha pande mbili ya kupitisha umeme, basi. Adui ni maji ya hewani. Mnajua kazi ilivyo: oksijeni hujibandika juu ya chembe na kuzipokonya elektroni, ukinzani unapanda, amonia ikija inaila ile oksijeni, elektroni zinarudi, ukinzani unashuka. Chembe zikiwa za nanomita chache (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), karibu chembe nzima inaguswa, ndiyo maana tunahangaika nazo. Sasa unyevu nao unashusha ukinzani, upande uleule! Alfajiri kwa shangazi namba zilikuwa zinaporomoka kama banda halijabadilishwa maranda tangu Pasaka. Ukifungua madirisha, ukungu unaingia, zinaporomoka zaidi. Shangazi akauliza, "Mwanangu, hiki kidude kinanusa kuku au kinanusa baridi?"

Dawa ni kupasha utando zaidi ya nyuzi 200, maji yaachie. Kila mtu anasema "pasha", hakuna anayesema joto litatulizwaje. Nilitoa waya wa koili kwenye draya mbovu la saluni, nikaulaza chini ya kigae, themokapo (kipimajoto cha waya) pembeni, Arduino (kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa) ikaushikilia kwenye nyuzi 250. Bado namba zikacheza. Umeme wa nyumbani ukiyumba, joto linayumba, na ukinzani unafuata. Nikahamia betri ya bodaboda ya volti 12. Kimya! Wiki nzima ya hasira, kumbe dawa ni betri.

Msiniambie ninunue MQ-135, kihisi cha gesi cha dukani. Ninayo. Ni oksaidi ya bati yenye hita yake, lakini jiko la mkaa la vifaranga likiwashwa tu, inapiga kelele. Yangu nayo moshi inausikia, ila utando nitaubadilisha nitakavyo.

Zamu iliyofuata ilikuwa kukipima kihisi changu kwenye amonia ya sehemu 25 kwa milioni, kiwango ambacho wafugaji hawataki kivukwe. Itasubiri. Utando usiopashwa unausikia unyevu vizuri mno, na binamu yangu wa Mbozi anaanika kahawa ambayo lazima ishuke hadi asilimia 10 au 12 ya maji. Anaipima kwa kuing'ata. Kesho napaka vigae vipya, bila hita.