Breki Kwanza

Mwezi wa Mei mwaka 2008, mnunuzi wa chuma chakavu alipita nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, na mkokoteni wake, akaomba kuitazama Land Rover iliyokuwa imelala chini ya mparachichi tangu mwaka 1999. Alitoa mfukoni sumaku iliyofungwa kwenye uzi, akaigusisha mlangoni, kwenye boneti na ubavuni, na kila mara sumaku ile ilining'inia tu bila kushika kitu. Nilidhani ataondoka amekata tamaa. Kumbe hicho ndicho alichokuwa akikitafuta, kwa kuwa bodi lisiloshika sumaku lilikuwa la alumini, na kilo ya alumini ilimlipa vizuri kuliko kilo ya chuma. Akataja bei. Mama, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akilizunguka gari lile kila anapokwenda kuanika nguo, aliitikia kabla mtu yule hajamaliza sentensi. Baba hakuinuka barazani. Alisema, "Hapana, kijana, hilo haliuzwi," akaendelea kupukuchua mahindi.

Nilikuwa nimemaliza chuo na nasubiri ajira, maana yake ni kwamba nilikuwa nakula bure. Jioni ile baba aliniita, akanikabidhi sanduku la spana na kuniambia kuwa hatuwezi kukataa hela za watu kisha gari likaendelea kuoza. Yeye alikuwa bwana shamba mstaafu, na gari lenyewe alilinunua mnadani mwaka 1986, baada ya kuliendesha akiwa kazini kwa miaka mingi. Lilikuwa Series III ya mwaka 1974, lile refu la inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lenye injini ya petroli ya lita 2.25.

Habari ya alumini alinieleza baadaye, tukiwa tumelala chali chini ya gari. Magari haya yalipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgao kwa sababu ya vita vilivyokwisha miaka michache nyuma, ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo waliokoa chuma kwenye bodi na kukiweka pale tu ambapo hapakuwa na namna, hasa kwenye chasisi. Ndiyo maana Land Rover ya zamani inaweza kusimama chini ya mparachichi ikaonekana nzima, imefifia rangi tu, wakati mifupa inayoibeba inaliwa taratibu.

Mifupa yetu ilikuwa imeliwa. Chasisi nzima ilipakwa lami nyeusi, kazi iliyofanywa na gereji moja mjini katika miaka ya tisini, na baba alikuwa amelipa akiamini kuwa ile ni kinga ya kutu. Nilipochokonoa lami kwa bisibisi karibu na mhimili wa nyuma, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini, na nilipoichomoa ukamwagika unga wa kahawia uliochanganyika na vipande vya gunia. Walikuwa wameziba matundu kwa gunia, wakalipaka lami juu yake. Baba aliokota kipande kimoja, akakinusa, akakiweka mfukoni mwa koti, wala hakusema lolote. Mimi nilisema mengi, na sitayarudia hapa.

Kazi ya kuchomelea ilichukua mwezi wa Juni wote. Fundi alikuja kutoka Mwanjelwa na mashine yake, tukatoa betri, tukatoa na tangi la petroli lililo chini ya kiti, kisha akakata mhimili wa nyuma na kuusuka upya kwa bamba la chuma la milimita tatu. Wanaoijua Uyole wanaujua Juni wake: asubuhi spana zinauma vidole kama barafu. Sitaki kuirefusha sehemu hii, kwa kuwa mchango wangu mkubwa ulikuwa kushika taa na kuchemsha chai.

Chasisi ilipokwisha, mimi na baba tukatofautiana. Yeye alitaka tushike breki. Mimi nilitaka kusikia injini. Nilikuwa na hoja, au niliamini hivyo, kwamba hakuna haja ya kutupia hela kwenye breki za gari ambalo huenda haliwaki kabisa. "Gari lisilowaka halimuui mtu," alinijibu. Hata hivyo hakunizuia, nami nikafungua plagi zote nne, nikamimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa oili na dizeli, nikaziacha pistoni zilowe kwa siku nane. Siku ya tisa nilipitisha hendeli kwenye tundu lake mbele ya gari, nikaikalia kwa uzito wangu wote, na injini iliyoganda miaka tisa ikazunguka nusu mzunguko huku ikitoa sauti ya mtu anayejinyoosha kitandani.

Nilisafisha pointi, vile vikato vya umeme wa plagi, kwa msasa laini, nikaifungua kabureta na kuiosha, nikanunua waya mpya za plagi. Hapo nikafanya kosa la mwanafunzi: nilizipanga waya kwa kufuata hesabu, moja, mbili, tatu, nne, wakati injini ile huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Nilipopiga stata ikapiga chafya ya moto kupitia kabureta, na nywele za mkono wangu wa kulia zikaungua zote. Baba alitazama mara moja tu, akabadilisha waya tatu, akarudi barazani.

Siku ya tukio lenyewe baba alikuwa msibani Igawilo. Nilikuwa nimening'iniza dumu la petroli juu ya boneti, mpira mmoja ukishuka hadi kwenye pampu. Mnamo saa nne asubuhi injini iliwaka, ikatetemeka, ikatulia, na moshi wa buluu ukafunika mparachichi wote. Siwezi kueleza furaha ile. Nilitaka gari lisogee, hata mita mbili tu, ili niweze kusema limetembea. Nikavuta breki ya mkono hadi mwisho, nikaondoa matofali yaliyozuia matairi, nikaingia ndani.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika dramu moja iliyo nyuma ya giaboksi, kwenye shafti inayokwenda ekseli ya nyuma. Sili ya giaboksi yetu, yaani mpira unaozuia oili isivuje, ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo dramu ile na viatu vyake vinavyoibana vilikuwa vimeoga oili kwa miaka. Gari lilianza kuteremka kabla sijagusa gia. Nilikanyaga breki ya mguu, pedali ikaenda hadi sakafuni bila upinzani wowote, kama kukanyaga maji. Ua wetu una mteremko, na mwisho wa mteremko lilikuwepo banda la kuku la mama, la matofali ya udongo, lenye paa la bati. Nakumbuka nilishika usukani kwa mikono miwili na kupiga kelele nikimwita baba, ambaye alikuwa kilomita kadhaa kutoka pale.

Banda lilianguka lote. Bampa ya mbele haikupata hata mkunjo. Kuku walitawanyika hadi kwa majirani na wote walirudi, isipokuwa jogoo, ambaye alikuwa amekaa upande usiofaa wa ukuta. Mama alitoka jikoni na upawa mkononi, akatazama vumbi, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Ndaga, mwanangu." Kwa Kinyakyusa hiyo ni asante, na sijawahi kupewa asante nzito kuliko ile.

Jioni baba alirudi na kukuta jogoo kwenye sufuria. "Tuna mgeni?" aliuliza.

"Mgeni ni gari lako," mama alimjibu.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, nilimkuta baba amekwisha kuinua gurudumu la nyuma kwa jeki. Hakunikumbusha alichokuwa amesema. Tulifungua dramu zote nne, na ndani tukakuta silinda sita za breki, kwa kuwa gari la inchi 109 lina mbili kwenye kila gurudumu la mbele na moja moja nyuma. Pistoni za silinda tano zilikuwa zimegandia kabisa. Tuliziloweka, tukazigonga kwa kipande cha mti ili zisiumie, tukasugua kuta zake kwa msasa wa maji hadi zikang'aa. Mipira mipya ya pistoni hizo niliipata dukani mjini, nami kwa bidii yangu nikaiosha kwa petroli ili iwe safi. Ikavimba yote. Nilirudi mjini kununua mingine, na safari hii baba aliiosha mwenyewe kwa mafuta ya breki, kwa sababu mpira ule hauvumilii petroli wala oili ya injini.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kulituchukua alasiri nzima. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu ya breki, ambalo kwetu lilikuwa la nyuma kushoto. Mdogo wangu wa kike alikaa kwenye usukani, baba akalala chini na spana, mimi nikashika chupa ya jemu ambayo ndani yake ulizama mpira mwembamba kutoka kwenye silinda. "Kanyaga!" baba aliita. "Shikilia!" Akalegeza nati, na mapovu yakapanda ndani ya chupa kama soda. "Achia!" Mapovu yalipungua, yakawa makubwa, yakawa moja moja, kisha yakawa madogo kama kichwa cha pini, nasi bado tuliendelea. Nilipodhani yamekwisha, baba alikigonga kibomba cha breki kwa mpini wa bisibisi, na povu moja likachomoka kutoka lilikokuwa limejificha. Ndipo mdogo wangu aliposema, "Baba, pedali imekuwa ngumu," kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Sili ya giaboksi tulibadilisha, breki ya mkono tukaivalisha viatu vipya, bima tukakata. Mwezi wa Septemba baba aliamua kwamba jaribio litakuwa kwenda Matamba kuchukua mbegu ya viazi, maana yake kupanda barabara ya Chimala ambayo watu huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Niliendesha mimi. Tulishuka Inyala nyuma ya malori, tukapita Igurusi, na pale Chimala baba alivuta mwenyewe ile gia yenye kichwa chekundu, ambayo huingiza gia za mwendo mdogo wenye nguvu na magurudumu yote manne kwa pamoja. Tukapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilihesabu kona hadi thelathini na kitu, nikapoteza hesabu.

Kurudi tulikuwa na magunia sita ya viazi mgongoni, na bonde la Usangu limelala chini yetu likiwa na vumbi la jioni. Baba alitaka nishuke kwa gia ileile niliyopandia na breki niziguse kidogo tu kabla ya kona. Chini kabisa, pale lami inapoanza, aliniambia nisimame. Alishuka, akazunguka gari, akigusa kila dramu kwa mgongo wa mkono. Zilikuwa na joto la kawaida, na zote nne zilikuwa sawa. Alirudi akaketi, akafunga mlango, akatoa mfukoni mwa koti kile kipande cha gunia chenye lami na kukitupa dirishani.

Tuliingia Uyole usiku. Kuku, ambao tangu banda lianguke walikuwa wakilala nyuma ya Land Rover na kututagia mayai chini ya mabenchi, walikuwa wamejikunyata pale gari lilipozoea kusimama. Mama alimulika tochi nyuma, akaona magunia yamejaa hadi juu.

"Sasa kuku wangu watalala wapi?"

"Muulize dereva," baba alisema, akaingia ndani.