Kikopo cha Mchele Mlangoni kwa Mbah Putri

Kando ya mlango wa nyumba niliyokaribishwa, katika kijiji cha wakulima magharibi mwa wilaya ya Sleman, kisiwani Java, nchini Indonesia, palitundikwa kikopo cha maziwa ya unga kilichofunikwa kwa kipande cha plastiki ili mvua isiingie. Kila jioni, baada ya sala ya magharibi, mwenye nyumba, ambaye kijiji kizima humwita Mbah Putri, yaani bibi, alitoka jikoni amebana mchele kwa ncha za vidole, mchele usiofika hata ukufi mmoja, akautia kikoponi na kurudi kwenye shughuli zake. Nilipozunguka mtaani niliona kwamba kila nyumba ina chombo chake: hapa kikombe cha plastiki, pale pingili ya mwanzi iliyogongewa msumari ukutani. Huo mchele huitwa jimpitan, neno linalotokana na kitendo chenyewe cha kubana kitu kidogo kwa vidole.

Nilikuwa Yogyakarta kwa masomo ya lugha, nami nilihamia kijijini kwa miezi mitatu kwa sababu nilitaka kukisikia Kiindonesia mahali kinapoishi. Kwa Mswahili lugha hiyo haina ugeni mkubwa. Wao husema kabar, sisi husema habari. Waktu ni wakati, kertas ni karatasi, sabun ni sabuni, rezeki ni riziki, na bendera ni bendera pande zote mbili za bahari, kwani Waarabu na Wareno walipita kwetu na kwao. Tatizo ni kwamba nyumbani kwa Mbah Putri kilizungumzwa Kijava, lugha yenye maneno tofauti ya kumwambia mdogo na ya kumwambia mkubwa, hata kitendo cha kula kikabadilika jina kulingana na anayekula. Jambo hilo halikunishangaza sana, kwa kuwa nami nimelelewa mahali ambapo mtoto asiyetoa shikamoo huhesabiwa kuwa hana malezi.

Katika wiki ya tatu, Mbah Putri alikwenda kwa jirani kusaidia kupika chakula cha harusi, akaniachia nyumba. Jioni ilipofika nilichota mchele nikakijaza kile kikopo mpaka juu, nikiamini kwamba ninamrudishia fadhila. Aliporudi alikishusha, akaumimina mchele wote ndani ya ndoo yake, akarudisha kikoponi kiasi kilekile cha vidole vitatu. Kisha akaniambia kwa upole, akitumia neno ambalo wazee wa huko humwitia mvulana kama sisi tunavyosema mwanangu: “Le, nyumba ya mwisho kule ni ya mjane. Ukijaza chako, chake kitaonekanaje?”

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko mhadhara wowote niliohudhuria chuoni. Mchango ule umepimwa kwa mkono wa yule aliye na kidogo kuliko wote, na wenye nacho wanakatazwa kumpita.

Wanaoukusanya ni wanaume wa zamu ya ulinzi wa usiku, inayoitwa ronda, ambao kwetu tungewaita sungusungu ingawa hawa hawabebi silaha yoyote. Nilipangiwa usiku wa Alhamisi pamoja na watu watano. Tulikaa katika kibanda cha njia panda, penye kentongan, gogo lililochongwa ndani likawa wazi na kutundikwa kwa kamba, ambalo mlio wake hueleza kama kuna mwizi, moto au msiba. Baada ya saa sita za usiku tulipita nyumba kwa nyumba na ndoo moja, tukimimina kila kikopo na kumulika ndani kwa tochi. Kikopo kikikutwa kitupu hakuna anayegonga mlango usiku huo, ila asubuhi mtu hupita kama anayesalimia tu, maana kikopo kitupu huenda kikawa ni ugonjwa.

Mchele huuzwa, na fedha zake huingia katika mfuko wa RT, umoja wa majirani wa nyumba kadhaa wenye mwenyekiti wao. Mpango huo uliletwa na Wajapani mwaka 1944, walipoitawala Java wakati wa vita, nao waliutumia kuwabana watu. Msomaji wa Tanzania aliyekua chini ya balozi wa nyumba kumi atauelewa haraka. Walioubakiza baada ya uhuru waliujaza mambo yao. Mfuko wa mtaa wetu ulinunua taa za njiani, viti na maturubai ya shughuli, na ulitoa sanda mzee mmoja alipofariki, kabla familia yake haijaanza kuulizana nani ana nini.

Mchele wenyewe hutoka kwenye majaruba yaliyoizunguka nyumba pande tatu. Nilishuka siku ya kupandikiza. Kwanza mwanamume alivuta juu ya tope reki ya mbao yenye meno yaliyoachana, akachora mistari wima, kisha akaikata kwa mistari ya kulala. Wanawake wakajipanga safu moja, kila mmoja na fungu la miche katika mkono wa kushoto, wakawa wanapanda huku wakirudi kinyumenyume, ili kila mche uwe mbele ya macho yao na wasiukanyage. Mkono wa kulia hutenga miche miwili au mitatu, kidole gumba huisukuma topeni, na tope hujifunga lenyewe. Maji yalikuwa ya vuguvugu juu na baridi chini. Kufikia saa nne mgongo wangu ulikuwa umekataa, na wale kina mama, ambao wengi wao walikuwa na umri wa mama yangu, walikuwa bado wanapiga soga bila kuinua vichwa.

Maji hayo hayakuja yenyewe. Yanatoka katika mfereji wa Selokan Mataram, wa kilomita zipatazo 31, unaounganisha mto Progo na mto Opak. Watu wa Yogyakarta husimulia kwamba Sultani Hamengkubuwono IX aliwashawishi Wajapani kuwa nchi yake ni kame na inahitaji mfereji, ili raia wake wachimbe nyumbani badala ya kuchukuliwa kwa kazi za shokoa za mbali, ambako wengi hawakurudi. Mbah Putri huutaja kwa heshima kama mtu anavyomtaja babu yake.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba nimeona pepo. Jaruba la Mbah Putri ni mita za mraba 1,500 hivi, chini ya nusu ekari, na sensa ya kilimo ya mwaka 2023 ilihesabu zaidi ya kaya milioni 16 nchini humo zinazolima chini ya nusu hekta. Hana nguvu za kulima, kwa hiyo jirani hulima na mavuno hugawanywa nusu kwa nusu. Msimu ule mfanyabiashara mmoja alikuja kuununua mpunga ukiwa bado umesimama shambani, akaacha malipo ya awali. Mvua kubwa ikaulaza siku chache kabla ya kuvunwa, naye akarudi kudai bei ipunguzwe. Ikapunguzwa, kwa kuwa mpunga uliolala haungoji mabishano. Nilikasirika kuliko wenye mali. Watoto wote watatu wa Mbah Putri wako mijini, na sioni kosa lao.

Mwezi wangu wa mwisho, mkutano wa RT ulikubaliana kwamba anayependa aweke sarafu ya rupia 500 badala ya mchele, kwa kuwa sarafu haziingii wadudu wala hazihitaji kuuzwa. Nyumba nyingi zilibadilika wiki hiyohiyo. Mbah Putri na wazee wengine wawili waliendelea na mchele, wala hapakuwa na aliyewauliza sababu. Alhamisi yangu ya mwisho tulitoka kibandani na vyombo viwili: kopo dogo la sarafu, na ile ndoo ya zamani kwa ajili ya nyumba tatu.