Laptopu ya mama mdogo imefufuka

Jamani, leo nina furaha!

Laptopu ya mama mdogo ilikuwa na Windows 10, ile ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Windows 11 haikubali, prosesa ni ya zamani. Fundi akamwambia anunue mpya. Hela atoe wapi, na ada za watoto zinadaiwa?

Nikashusha Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, toleo la Xfce, maana ni jepesi. Flashi ya GB 8 inatosha, ila hamisha vitu vyako kwanza: Rufus, programu ya kuandaa flashi, inafuta kila kitu. Na kunakili faili la ISO (lile la Mint ulilolishusha) tu hakusaidii, lazima Rufus iiandae flashi ili kompyuta iweze kuwakia humo.

Nikachomeka, nikawasha huku nabonyeza F12 ili menyu ya kuwashia ifunguke. Nikachagua flashi.

Skrini ikawa nyeusi, kisha nembo ya Mint ikatokea. Mama mdogo akaacha mchicha wake, akasogea na mikono mibichi.

"Ushamaliza?"

"Bado, mama. Hii inatokea kwenye flashi, diski yako sijaigusa. Ijaribu kwanza."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akaandika jina lake lote, herufi kubwa, polepole. Akasema, "Weka hii hii."

Nani mwingine ana mashine ya zamani kabatini? Semeni ni aina gani, na kwenu menyu ya kuwashia inafunguka kwa F12, F9 au Esc?