Noti ya Elfu Mbili na Ubeti wa Tatu

Kusi lilikuwa limekaza Alhamisi ile. Boti ilipokwisha kutoka mlango wa bandari ya Dar es Salaam, mhudumu akapita akigawa mifuko ya kutapikia kwa adabu ya mtu anayegawa pipi, na bwana aliyekuwa akilisifia tumbo lake tangu ukumbi wa abiria akawa wa kwanza kuomba mfuko wa pili. Mimi nilifumba macho mpaka tulipokikaribia kisiwa cha Chumbe, maji yakatulia, watu wakaanza kuchana nywele.

Nilikuwa naenda Unguja kwa siku nne kusikiliza taarab. Kazi yangu ni uhakiki wa tamthilia: nakaa gizani, safu ya tatu au ya nne, mwenzangu anatoa jasho jukwaani na mimi naandika kwamba jasho lile halikutosha. Mhariri alitaka ukurasa mmoja kila siku. Nilimwonya kwamba taarab si tamthilia. Akasema basi niandike hivyo kwa siku zote nne.

Kutoka bandarini Malindi nilitembea hadi Forodhani. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limezungushiwa mabati. Upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukaua watu wawili. Ni Barghash huyohuyo anayesimuliwa kuwa alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga qanuni, ala ya nyuzi nyingi, ili kasri ipate burudani kama ya Cairo. Kwa hiyo muziki huu uliingia Unguja kwa mlango wa mbele, kwa amri ya mfalme na kwa lugha ya Kiarabu. Ulitoka kwa mlango wa uani, na waliomfungulia mgeni huyu komeo ni wanawake wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Lakini hayo niliyafikiri baadaye. Siku ile nilisimama pale nikila muhogo wa kuchoma, nikapiga picha ya mabati.

Jioni nikaenda kwenye mazoezi ya klabu moja ya mjini. (Ukitaka kuuliza watu wa Unguja klabu ipi bora, Ikhwani Safaa ya tangu 1905 au Culture ya tangu 1958, tenga usiku mzima, na usiwe na shughuli asubuhi.) Fidla nne, qanuni, udi, akodiani, ngoma ya dumbaki, na lile besi kubwa ambalo mpigaji hulikumbatia kama gunia la mchele linalotaka kuanguka. Wakaanza na bashraf, kipande cha ala tupu, na hapo sina neno: fidla zilipopanda pamoja niliweka kalamu chini. Kisha akaja mwimbaji. Akasimama. Hakuinua mkono, hakugeuza shingo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri daladala na wala hana haraka nayo. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa hasira, wa pili wa kejeli, wa tatu wa kilio, na uso ni uleule. Nikaandika daftarini: "Sauti, ipo. Uigizaji, hakuna." Neno la mwisho nikalipigia mstari.

Nilifikia Kikwajuni, kwa mama wa rafiki yangu tuliyesoma naye. Nikamsomea nilichoandika, nikidhani atafurahi kuona kazi ya mtaalamu. Yeye akaendelea kuchagua mchele.

"Mazoezi hayo, mwanangu. Hapana watu. Taarab itakuwaje bila ya watu?"

"Nilikuwepo mimi, mama."

"Weye ulikuwa ukiandika."

Ijumaa asubuhi nilipanda daladala hadi Fumba, kusini, alikozaliwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mnamo 1880. Majumba mapya, mbuzi, upepo. Kwa macho hapakuwa na zaidi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akienda mjini kuuza vyungu, akivinadi kwa sauti, na sauti ile ndiyo iliyokuja kumwingiza ndani ya nyumba ambazo vyungu vyake viliishia mlangoni. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, nyimbo za Kiswahili, na baada ya kifo chake mwaka 1950 jina lilibaki likitajwa hata na watu ambao hawajawahi kuisikia sauti yenyewe. Shaaban Robert alimwandikia wasifu.

Kinachonirudisha kwake kila mara ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja na mwanamume aitwaye hivyo, muuaji akakimbilia bara, na mahakama ikawageuzia kibao wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Siti akaiimba kesi ile. Nimewahi kufundisha kwamba huo ni mwanzo wa tamthilia ya kisiasa katika pwani yetu, na wanafunzi wakaniuliza, kwa haki kabisa, waigizaji wako wapi. Nikababaika. Nikasema Siti alikuwa mwigizaji wa wahusika wote. Jibu zuri la darasani, na nadhani si kweli. Watu waliokaa Ng'ambo usiku ule waliwajua wahusika kwa sura na kwa majina ya mama zao; pengine wengine walikuwa wamekaa hapohapo barazani.

Wakati wa kurudi, daladala ikiwa imejaa mpaka mlangoni, nikakumbuka Dar ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na vikundi vyake viwili vya sanaa: TOT ya Kapteni John Komba huku, Muungano ya Norbert Chenga kule. Kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, na mwisho taarab, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, mipasho ikienda na kurudi. Nilikuwa mtoto, nimeletwa kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kuniachia. Miaka mingi baadaye, chuoni, niliandika insha kwamba taarab iliwekwa mwisho kama chambo, watu wasiondoke kabla bia hazijaisha. Nilipata alama nzuri. Sikuandika kwamba wakati wa igizo mama yangu alikuwa amekaa, na wakati wa taarab alisimama.

Jumamosi usiku mwenyeji wangu alinipeleka harusini, Ng'ambo, upande wa pili wa ile hori iliyofukiwa zamani. Kadi iliandikwa saa tatu. Fidla ya kwanza ililia saa tano. Ukumbi mzima wanawake, isipokuwa wapigaji. Udi, asumini, sare za zambarau upande wa bibi harusi na za kijani upande wa bwana. Mwimbaji alikuwa yuleyule wa Alhamisi, na uso uleule.

Wimbo wa pili, ubeti wa tatu, uliohusu mtu aliyeokota kilichotupwa na wenziwe akakitia shingoni, mwanamke mmoja wa makamo akainuka. Alikuja taratibu, mabega yakifuata dumbaki, noti ya elfu mbili ameishika juu, ameikunjua kabisa ili rangi ionekane. Njia ya karibu ilikuwa kulia. Akaenda kushoto. Akazunguka meza nne, akafika mbele ya mwanamke mwenye dhahabu nyingi, akakawia pale kama nusu ya mshororo bila kumtazama, ndipo akaendelea hadi jukwaani, akaitia noti mkononi mwa mwimbaji. Vigelegele vikalipuka. Mwimbaji akaurudia ubeti, maana umeshatunzwa. Mwenye dhahabu akatabasamu, akafungua pochi, akaanza kutafuta.

Hakuinuka palepale. Aliuacha wimbo ule uishe, akauacha na mwingine uanze, akauacha ubeti wa kwanza na wa pili upite, na watu wote tunajua kwamba anasubiri. Ulipokuja ubeti wa mwenye wivu asiyelala usiku, akasimama na elfu tano, naye akashika njia ndefu.

Mwenyeji wangu alininong'oneza kisa chote, cha mume mmoja na duka moja la vitambaa. Siwezi kukiandika hapa. Nataka kurudi Unguja.

Hapo ndipo uso wa mwimbaji uliponieleza kazi yake. Angekunja ndita kwenye ubeti wa hasira, hasira ingekuwa yake. Angecheka kwenye kejeli, angekuwa ameshika upande wa mtu. Maneno yenyewe ni mafumbo, mishororo mitatu isiyo na jina la mtu wala la mtaa, yamekatwa kama kanzu isiyopimiwa mtu. Anayeinuka na noti ndiye anayeamua ni ya nani. Kabla ya Mapinduzi kulikuwa na vikundi vya wanawake, Sahib el Ari na Nuru el Uyun, vilivyoshindana hivyo kwa nyimbo, kila upande na mashabiki wake. Mimi nimesoma habari zao mara ngapi, nikiangalia tunzi na sauti, wala sikujiuliza kati ya kiti na jukwaa watu walipita wapi.

Nikaona haya kukaa na daftari. Wimbo wa nne ulikuwa mzuri kupita yote: sauti ilipanda kwenye mshororo wa mwisho, ikakaa juu, kisha ikakatwa ghafla kama uzi unaokatwa kwa meno. Nikatoa elfu tano nikaenda. Kwa sababu ya sauti tu. Nilipita palipokuwa na nafasi, na palipokuwa na nafasi ni mbele ya dada wa bwana harusi. Kuna mtu aliyebeba sinia la visheti, nikamsubiri apite. Nikakawia.

Vigelegele vilivyopigwa sikuvipenda. Vilikuwa na kicheko ndani yake.

Niliporudi, mwenyeji wangu alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Umemtunzia nani?"

"Mwimbaji, mama. Ameimba vizuri."

"Mwimbaji sanduku la posta tu, mwanangu. Barua ya nani?"

Ubeti ule, kumbe, ulikuwa wa mtu ambaye jiko lake halifuki moshi, kila siku mgeni wa chungu cha wenziwe. Na wifi yule, ndivyo ilivyosemwa mezani petu kwa sauti ya chini, alikuwa amehamia kwa kaka yake tangu Mfunguo Mosi. Ukumbi mzima ulikuwa unajiuliza mgeni huyu kutoka bara ametumwa na nani. Meza ya zambarau ilinitazama kwa mapenzi ambayo sikuyastahili.

Nikataka kwenda kuomba radhi. Mwenyeji wangu akanishika mkono wa gauni: ukiomba radhi, utakuwa umekiri. Akanikalisha. Tukasubiri nyimbo mbili, mpaka ukaja wimbo wa kuwasifu maharusi, usio na mwiba hata mmoja. Aliusikiliza ubeti wa kwanza kwanza, kuhakikisha. "Sasa. Kamshike mkono mwende pamoja. Na usitoe ndogo kuliko ile ya mwanzo."

Nikaenda na elfu kumi. Nilisimama mbele ya yule dada, nikanyoosha mkono. Aliniacha nimesimama mshororo mzima, na nusu ya pili, mkono hewani, ukumbi wote ukihesabu. Kisha akainuka, akatoa noti yake, tukaenda. Ananizidi kucheza mara kumi. Alipokuwa akiitoa noti aliniinamia sikioni: "Nimepika leo," akasema, "njoo kesho ule."

Sikwenda, kwa sababu boti ilikuwa ya asubuhi. Mwenyeji wangu alisema kutokwenda nako kutasomwa, lakini hilo ataliweka sawa mwenyewe.

Bahari ya Jumapili ilikuwa kimya. Nilifungua daftari nikakuta ukurasa wa Jumamosi hauna hata mstari mmoja kuhusu sauti. Una mchoro wa ukumbi, meza kwa meza, na mishale.

Jumatatu mhasibu akaniita. Boti sawa, daladala sawa, chakula sawa. Ila kuna elfu kumi na tano za "tuzo", hazina risiti, na fomu haina fungu la tuzo. Nikalifuta neno, nikaandika: "Uhakiki, mara mbili. Wa kwanza ulikosewa, ukasahihishwa." Akausoma mstari ule pole pole, akaniuliza aliyesahihisha ni nani, na kama ana namba ya mlipakodi.