Theluji, paa la bati na mlango wa mbele

Nyumba yetu hapa Lewiston, Maine, Marekani, imeezekwa bati lenye mteremko mkali. Wenyeji wengi wanalipenda bati kwa sababu theluji haikai juu yake muda mrefu, inateleza yenyewe na kenchi zinapumua. Ni kweli kabisa. Ila theluji hiyo lazima itue mahali, na kwetu ilikuwa inatua juu ya ngazi za mlango wa mbele, pale pale watoto wanaposimama asubuhi kungoja basi la shule.

Siku ya theluji yenyewe hainisumbui. Naiogopa siku inayofuata, jua likitoka. Joto likipita sifuri kidogo tu, au joto la ndani likipenya kwenye dari, maji membamba yanatanda kati ya bati na theluji, na hapo hakuna kinachoishikilia tena. Upande mzima wa paa unashuka kwa mkupuo mmoja, kwa kishindo cha lori linalomwaga kokoto. Na uzito wake si mdogo. Nilishajaza ndoo ya lita 20 na kuipima: theluji mpya ya Januari, ile nyepesi, ilikuwa kama kilo 2, ya Machi, iliyolowa, ilikaribia kilo 7. Sasa chukua upande wa paa wenye mita za mraba 50, uufunike theluji ya Machi kwa unene wa sentimita 40. Hizo ni takriban tani 7 zinazongoja juu ya kichwa cha mtoto.

Aliyenisaidia kupanga ni fundi mmoja wa mapaa, Mkongo wa Bukavu tunayesali naye. Alizunguka nyumba bila kupanda hata ngazi, kisha akaniambia, "Dada, usianze na paa. Anza na njia watu wanapita." Basi kuanzia Novemba mlango wa mbele tunaufunga. Tunatumia ule wa ubavuni, upande wa ukuta wa pembetatu, ambako paa halimwagi kitu. Watoto walilalamika kwamba wanazunguka mbali. Wazunguke.

Baada ya hapo ndipo tukafunga vizuizi vya theluji, mabomba ya chuma yanayolala kukata mteremko, yaliyobanwa kwenye mikunjo ya bati bila kulitoboa. Wengi wanaweka mstari mmoja ukingoni wakidhani kazi imekwisha, halafu mzigo wote wa juu unaung'oa. Fundi alitaka mistari kadhaa kuanzia chini kwenda juu ili kila mmoja ubebe sehemu yake. Tena hatukuweka paa zima, kwa kuwa theluji iliyozuiwa inabaki kuwa mzigo wa kenchi. Tuliweka juu ya mita ya gesi na juu ya bomba la kutolea moshi wa boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, tu.

Hilo bomba ndilo ninalowasisitizia wenzangu kuliko yote. Boila nyingi za gesi hutoa moshi kupitia ukutani, si mbali sana na ardhi. Theluji ikiporomoka ikaliziba, kaboni monoksidi inarudi ndani, na gesi hiyo haina harufu wala rangi. Kwa hiyo kila baada ya maporomoko, kabla hata ya kusafisha njia ya gari, tunafukua kuzunguka bomba kwa koleo dogo, taratibu, huku mmoja wetu akisimama kando akitazama juu. Kengele ya gesi hiyo iko karibu na vyumba vya kulala, na betri zake nazibadilisha kabla baridi haijaanza.

Jiko letu lina paa lake dogo la vigae vya lami, karibu lilale. Huko theluji haitelezi, shida yake ni barafu. Joto lililokuwa linavuja darini liliyeyusha theluji ya juu, maji yakashuka hadi ukingoni kwenye baridi, yakaganda na kujenga kizingiti, na yaliyofuata yakarudi chini ya vigae hadi ukutani. Dawa yake iliyodumu ilikuwa kuziba matundu ya dari na kuongeza sufu ya kuzuia joto. Reki ndefu ya paa ninaitumia pia, lakini nikiwa chini na mbali na nyaya za umeme, maana mpini wake ni wa alumini. Kwenye bati siigusi kamwe: ukivuta kipande cha chini, unaweza kujiangushia paa zima.

Na wanaokutana kwenye majengo ya paa bapa, msidhani haya hayawahusu. Januari 2006, huko Katowice, Poland, paa la ukumbi wa maonyesho liliporomoka likiwa na theluji na barafu, watu 65 wakafa. Milango ikianza kukwama au dari ikialika, tokeni kwanza, mwenye jengo apigiwe simu mkiwa nje.

Kilichobaki kwetu ni kuujengea mlango wa mbele kijipaa chenye migongo miwili, kigawe theluji kushoto na kulia. Fundi ameshapima. Tunangoja ardhi iyeyuke ili mashimo ya nguzo yachimbike.