Gari linatoa "tak" na kunyamaza: betri nzima, stata nzima

Kila niliyemweleza kwamba nikizungusha ufunguo gari langu linatoa "tak" halafu kimya, alinijibu kabla sijamaliza kusema: betri imekufa, nunua nyingine. Ambaye hakusema betri alisema stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Fundi mmoja alikuwa ameshashika spana, anataka kuteremsha stata bila kupima chochote. Nilimzuia, na nafurahi mpaka leo kwamba nilimzuia, kwa sababu betri ile na stata ile bado zinafanya kazi kwenye gari hilohilo.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna aliyeuliza mlio wenyewe ukoje. Tik-tik-tik ya harakaharaka na "tak" moja nzito ni mambo mawili tofauti. Ile ya harakaharaka mara nyingi ni njaa ya umeme. Solenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku, huvuta kwa umeme mdogo tu, lakini ikishavuta inaifungulia mota njia, na mota inadai ampea mia moja na zaidi kwa mpigo. Betri iliyochoka haiwezi kuzitoa. Volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda tena, inavuta tena. Hapo chaji betri na kaza temino, yaani miunganiko ya waya juu ya betri, kabla hujagusa kingine. "Tak" moja ina maana solenoidi imevuta na imeng'ang'ania, ila mota haizunguki. Langu lilikuwa hilo.

Betri niliipima ikiwa imetulia: volti 12.6, yaani imejaa. Ingesoma 12.2 ningejua imebaki nusu hivi. Lakini kipimo cha betri iliyolala hakitoshi, kwa hiyo nilimwomba jirani azungushe ufunguo huku nimeshikilia vidole vya multimita (kipima umeme) juu ya temino. Stata ikizungusha injini sawasawa, betri nzuri hushuka hadi 10 na kitu. Ikienda chini ya 9.6 betri ni ya kutiliwa shaka. Yangu ilishuka hadi 11.9 tu. Taa kubwa nazo hazikufifia sana. Fundi akaona ushahidi umekamilika: taa zinawaka, betri ina nguvu, basi stata imekufa. Mimi niliona jambo jingine. Betri isiposhuka wakati stata inaitwa kazini, ujue umeme hauendi. Umezuiwa mahali fulani, na mahali hapo panaweza kuwa ndani ya stata au popote njiani.

Tukabusti, yaani tukaazima umeme wa betri nyingine kwa waya, betri kwa betri, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. "Tak" ileile. Nikasugua temino kwa msasa hadi zikang'aa. "Tak." Nikagonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku jirani ameshikilia ufunguo, maana kaboni zilizolika (vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu ya mota inayozunguka) wakati mwingine huamka zikigongwa. Hakuna kilichobadilika. Jirani akachukua multimita akapima waya wa ethi, ule mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, kwa kipimo cha omu, yaani cha kizuizi cha umeme. Ikasoma sifuri. "Waya mzima huu," akasema.

Ushauri huo wa kupima waya wa stata kwa omu umewanunulisha watu stata nyingi wasizozihitaji. Multimita ikipima omu hupitisha umeme mdogo mno, hauwashi hata bulbu ya dashibodi. Waya uliolika hadi ukabaki nyuzi chache tu utausoma sifuri, kwa sababu nyuzi hizo zinautosha umeme huo mdogo. Stata inataka ampea mia moja na ushei. Kizuizi cha omu 0.05, ambacho multimita ya kawaida haikioni, kinakula volti 5 ampea 100 zikipita. Waya wa stata hupimwa ukiwa na mzigo, si ukiwa umelala.

Sasa nifike kwenye njia niliyoifurahia. Nilichukua waya mmoja wa kubusti, ule mweusi. Upande mmoja nikaubana kwenye hasi ya betri yangu mwenyewe. Upande wa pili nikaubana kwenye boliti tupu ya injini, chuma kisafi kisicho na rangi, mbali na mikanda na feni. Hakuna betri ya pili wala gari la pili, ni waya mmoja tu unaotoa barabara mpya pembeni ya ile ya zamani. Gia nyutro, hendibreki juu. Nikazungusha ufunguo na injini ikawaka papo hapo, kwa nguvu, bila kusitasita hata kidogo. Nilizima nikaondoa waya: "tak". Nikaurudisha: ikawaka. Nililirudia hilo kwa raha kubwa mbele ya fundi hadi akaweka spana chini.

Ukiliwaza kidogo utaona mtego uliokuwepo. Kanuni ya kubusti inasema kibano cha mwisho cheusi ukikaze kwenye chuma cha injini, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi ya haidrojeni. Ni kanuni nzuri, ifuate. Lakini siku ile tungeifuata, gari lingewaka mara ya kwanza, na sote tungeapa kwamba betri ndiyo mbovu, kumbe kibano ndicho kilichoziba pengo la ethi. Kwa hiyo gari likiwaka kwa kubusti, usikimbilie kuihukumu betri.

Baada ya hapo nilitaka kuona namba. Nilichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake katikati ya kipimo, nikaweka multimita kwenye volti za DC. Kidole kimoja juu ya nguzo ya hasi ya betri, yaani kile kichwa cha risasi chenyewe, siyo kibano kilichokishika. Kingine kwenye chuma cha injini. Jirani akazungusha ufunguo. Ikasoma zaidi ya volti 6! Upande wa ethi haupaswi kupoteza zaidi ya volti 0.2 hivi. Nusu ya betri yangu ilikuwa inapotelea njiani. Nikasogea hatua kwa hatua: nguzo hadi kibano, karibu sifuri, kichwa cha waya hadi injini, karibu sifuri. Ikabaki waya wenyewe. Nilipochana ganda lake karibu na kichwa kilichobanwa kwenye injini, nilikuta unga wa kijani na nyuzi zilizokatika. Nje ulionekana mzima kabisa.

Kubadilisha hakuna hadithi. Anza kufungua hasi, malizia kufunga hasi, na usinunue waya mwembamba kuliko wa mwanzo kwa sababu tu ni rahisi. Bei yake ni kipande kidogo mno cha bei ya stata. Baada ya kufunga nilirudia kipimo kilekile: 0.1.

Yako ikisoma vizuri upande wa ethi, pima na chanya: nguzo ya chanya ya betri hadi boliti kubwa ya stata, isizidi 0.5 hivi ufunguo ukiwa umezungushwa. Pande zote mbili zikiwa safi, boliti ya stata inapokea volti zaidi ya 10 na mota bado imelala, zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya puli ya kranki (shafti kuu ya injini) uhakikishe haijakwama. Ikizunguka, hapo ndipo uteremshe stata. Na ukishaiteremsha ifungue kwanza, maana mara nyingi kilichoisha ni kaboni au vipande vya shaba ndani ya solenoidi, na kwa stata nyingi hivyo hubadilishwa peke yake.