Kumtafutia mtoto wa miaka minne shule ya chekechea

Nchini Kenya, mtaala wa umilisi uliotandazwa kote Januari 2019 unatenga miaka miwili ya elimu ya awali, PP1 na PP2, na unasisitiza kwamba mtoto wa umri huo ajifunze kwa kucheza. Hata hivyo, shule nyingi za binafsi hapa Mombasa bado huwavutia wazazi kwa kuwaonyesha madaftari yaliyojaa maandishi.

Katika shule ya kwanza tuliyoitembelea, mwalimu alitufungulia daftari la mtoto wa PP1 lenye kurasa nzima za herufi "a", nyingine zikiwa zimekosolewa kwa wino mwekundu, na mume wangu, ambaye hupenda kuona kazi iliyoandikwa, aliridhika papo hapo. Katika shule ya pili watoto walikuwa wameanzisha duka chini ya mwarobaini, wakinunua mchanga kwa vizibo vya soda. Msichana mmoja alikataa katakata kupokea vizibo vitatu kwa bidhaa ya vitano, akavihesabu tena mbele ya mteja wake. Hiyo kwangu ni hisabati, tena yenye maana kuliko kunakili tarakimu.

Sisemi kuandika hakufai, kwani hata shule hiyo ya pili hufundisha sauti za herufi kila asubuhi kwa nyimbo. Tumechagua ya pili, ingawa mama mkwe angali anauliza mtoto ataleta lini kazi ya nyumbani.